Revolva inayotumia risasi za bastola si lazima iwe bandia

Katika makundi ya simu ya Mtwara na Lindi hurudi kila mara ujumbe unaodai kwamba revolva ndogo (bastola yenye silinda ya matundu inayozunguka) inayotumia risasi za bastola ya kujijazia (ile inayojiwekea risasi nyingine yenyewe kila inapofyatuliwa), kama zile za milimita 9, ni ya bandia na lazima impasukie mwenyewe. Dai hilo si kweli.

Ganda la risasi nyingi za revolva lina ukingo kwenye kitako, unaolizuia lisizame katika silinda na kusaidia kulitoa, ilhali la bastola ya kujijazia kwa kawaida halina ukingo uliojitokeza. Tatizo hilo lilitatuliwa zamani: mwaka 1917 jeshi la Marekani, lililopungukiwa bastola, lilichukua revolva za M1917 zilizotumia risasi za bastola ya kujijazia, aina ya .45 ACP, zilizoshikwa tatu tatu kwa vibanio vya chuma vinavyofanya kazi ya ukingo. Revolva fupi za 9 mm za leo nyingi hutumia njia hiyo.

Mkanganyiko una chanzo cha haki, kwa kuwa ni hatari kweli kutia risasi isiyo ya silaha husika, hata ikiingia. Anayetaka kuhakiki alinganishe picha za vitako vya maganda, kisha asome aina ya risasi iliyochongwa kwenye mtutu. Asijaribu kwa mkono.

Ukiupokea ujumbe huo, tafadhali usiusambaze.