Wati za kwenye boksi: dhana potofu kuhusu spika za nyumbani

Dhana: Spika ya wati 1000 inaishinda ya wati 50.

Ukweli: Ukisimama kwenye duka la redio Darajani, Zanzibar, swali la kwanza utakalosikia ni "ina wati ngapi?" Watengenezaji wanalijua hilo. Namba kubwa yenye herufi PMPO haina kanuni ya upimaji. Kila kiwanda hujipimia kitakavyo. Geuza chombo usome kibandiko cha nyuma: kama kinakula wati 60 kutoka kwenye soketi, hakiwezi kutoa wati 1000 mfululizo. Tafuta wati za RMS, yaani zile zinazotolewa mfululizo, kisha uliza desibeli, yaani ukubwa wa sauti kwa wati 1 ukiwa umbali wa mita 1. Hii ndiyo namba ninayoithamini zaidi. Spika ya desibeli 90 ikipewa wati 25 inalingana na ya desibeli 84 iliyopewa wati 100, kwa sababu kila desibeli 3 za ziada zinadai umeme maradufu. Kutoka wati 50 hadi 100, sikio husikia nyongeza ndogo tu.

Dhana: Imeandikwa hezi (mitetemo kwa sekunde) 20 hadi 20,000, basi inatoa sauti zote, nzito hadi nyembamba.

Ukweli: Bila kutajwa sauti inapanda na kushuka kwa desibeli ngapi ndani ya masafa hayo, hilo ni tangazo. Ikiandikwa desibeli ±3, hapo kuna ahadi inayopimika.

Dhana: Besi ikitikisa dirisha, spika ni nzuri.

Ukweli: Mara nyingi kinachopiga ni chumba. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimelala juu ya boriti za mikoko. Boriti hizo si ndefu, ndiyo maana vyumba vingi ni vyembamba. Chumba chenye upana wa mita 3 hukuza sauti ya karibu hezi 58, kwa kuwa nusu ya wimbi lake hujaa sawasawa baina ya kuta mbili. Weka taarabu usikilize dabo besi: noti moja inanguruma, inayofuata inapotea. Hapo wengi hukimbilia kununua sabufa, na tatizo huzidi. Kabla ya kutoa pesa, ondoa spika kwenye pembe, isogeze mbali kidogo na ukuta, kisha hamisha kiti chako. Inauma kuona mtu amelipia besi asiyoihitaji, na ganuni na fidla zimezama chini yake.

Dhana: Vipimo ni vya mainjinia; sikio na bei vinatosha.

Ukweli: Sikio ni hakimu mzuri likifungiwa macho. Floyd Toole, akiwa kwenye Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, aliwasikilizisha watu spika zilizofichwa nyuma ya pazia. Wengi walikubaliana: walipenda zile ambazo sauti yake, ikipimwa, imenyooka bila vilima na mabonde, mbele na hata pembeni. Mtafiti mwenzake, Sean Olive, naye alionyesha kuwa watu wakiiona spika, alama wanazotoa hubadilika. Na kwa kuwa sauti ya pembeni nayo huhesabiwa, kipimo kamili cha leo huchukuliwa kwa pembe 70 kuizunguka spika. Ukumbini kwetu watu hukaa kila upande, kwa hiyo sauti ya pembeni ina uzito. Dukani, piga wimbo unaoujua kwa moyo, kisha tembea kutoka mbele hadi ubavuni. Sauti ya mwimbaji ikififia au ikibadilika ghafla, iache hapo.

Dhana: Spika ya mtumba ikilia dukani, ni salama.

Ukweli: Joto na unyevu wa visiwani hula ukingo wa sponji unaozunguka koni. Ubonyeze taratibu kwa kidole. Ukimeguka au ukiacha unga, hesabu na gharama ya kuubadilisha. Ukingo wa mpira huvumilia zaidi. Angalia pia vishikio vya waya nyuma: kutu ya kijani ni kazi ya chumvi ya bahari.