Je, wajua kwa nini koti lenye tusi lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani?

Tarehe 26 Aprili 1968, kijana wa miaka 19 aitwaye Paul Robert Cohen alikuwa kwenye korido ya jengo la mahakama mjini Los Angeles. Vita vya Vietnam vilikuwa vimepamba moto, na vijana wa rika lake walikuwa wakiitwa jeshini wapende wasipende. Kwenye koti lake palisomeka maneno matatu. La kwanza ni lile tusi zito la Kiingereza la herufi nne ambalo kila mtazamaji wa sinema analijua. Mawili yaliyobaki yaliutaja uandikishaji huo wa lazima. Koridoni walikuwamo wanawake na watoto.

Cohen hakupiga kelele wala hakumtisha mtu. Alipoingia kwenye chumba cha mahakama alilivua koti, akalikunja na kulining'iniza mkononi. Polisi mmoja akampelekea hakimu kikaratasi, akishauri kijana yule aadhibiwe kwa kuidharau mahakama. Hakimu akakataa. Polisi akamsubiri atoke, kisha akamkamata kwa kosa jingine: kuvuruga utulivu wa watu kwa mwenendo wa kuudhi. Akahukumiwa siku 30 jela.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 7 Juni 1971, Mahakama ya Juu ya Marekani iliifuta hukumu hiyo kwa kura 5 dhidi ya 4. Kuna watu wanaoitaja kesi hii kana kwamba majaji walibariki matusi. Sivyo. Walichofanya ni kuuliza swali ambalo sheria nyingi za matusi, zetu zikiwamo, hulipita haraka haraka: tunamwadhibu mtu kwa kosa lipi hasa?

Siku ya kusikiliza hoja kulitokea kioja kidogo. Jaji Mkuu Warren Burger alimdokezea wakili wa Cohen, Melville Nimmer, kwamba mahakama inaujua mkasa wote, hivyo hakuna haja ya kukaa sana kwenye maelezo. Kila mtu alielewa: tafadhali usilitamke. Nimmer akalitamka. Nadhani alifanya vizuri, maana angelikwepa angekuwa amekiri kwa kinywa chake kwamba yapo maneno ambayo hata mahakamani, hata yakiwa ndiyo kiini cha shauri, hayavumiliki.

Hukumu iliandikwa na Jaji John Marshall Harlan, ambaye wengi walimhesabu miongoni mwa wahafidhina. Yeye aliichambua hoja ya upande wa serikali kipande baada ya kipande. Je, Cohen aliadhibiwa kwa kitendo? Hapana, hakufanya chochote zaidi ya kuvaa maneno. Je, ni uchafu wa ngono? Neno lenyewe asili yake ni huko, lakini hakuna aliyepata ashiki kwa kusoma lawama dhidi ya jeshi. Je, ni kwa sababu alikuwa mahakamani, mahali pa heshima? Sheria aliyoshtakiwa nayo haikuzungumzia mahakama, ilihusu jimbo zima la California. Je, alimtukana mtu? Hapo ndipo penye uzito. Hakuna aliyekuwa koridoni ambaye angeweza kusema kwa haki kwamba yale maneno yanamhusu yeye binafsi.

Ikabaki hoja ya wapita njia walioudhika. Harlan akasema mtu aliye hadharani anaweza kugeuza macho. Ukiwa nyumbani kwako ni jambo jingine, pale serikali ina sababu ya kukulinda usiletewe usiyoyataka. Lakini koridoni, barabarani, sokoni, kuudhika peke yake hakutoshi kumpeleka mtu jela. Na akaongeza jambo ambalo mimi naliona ndilo la maana kuliko yote: maneno hayabebi hoja tu, hubeba pia uchungu wa anayesema. Kijana anayeogopa kupelekwa kufa vitani angeweza kuandika "Napinga sera ya uandikishaji", na asingesema alichotaka kusema. Serikali ikiruhusiwa kuchagua maneno yapi ni safi, haitachukua muda kabla haijachagua na mawazo.

Wanne hawakukubali. Harry Blackmun aliliita jambo lile upuuzi wa kitoto, kitendo zaidi kuliko usemi. Aliyemuunga mkono kwa namna ya kushangaza ni Hugo Black, jaji aliyejulikana nchi nzima kwa kutetea uhuru wa kusema bila masharti. Hata yeye koti lile lilimshinda.

Sasa linganisha na kesi ya mwaka 1942. Walter Chaplinsky, muumini wa Mashahidi wa Yehova, alikuwa akihubiri barabarani katika mji wa Rochester, New Hampshire. Watu wakakasirika, vurugu zikaanza, na katika purukushani hiyo akamwita ofisa wa usalama wa mji tapeli na mfashisti aliyelaaniwa. Kwa masikio ya leo hayo ni maneno ya kawaida, hata bungeni tumesikia makali zaidi. Lakini mahakama ile ile iliithibitisha hukumu ya kumtia hatiani, majaji wote 9 kwa sauti moja. Walisema yapo maneno ya kupigania, yaani yale ambayo ukimrushia mtu ana kwa ana yanamchokoza apigane.

Kwa hiyo mwenye neno jepesi alikutwa na hatia, na mwenye tusi zito akaachiwa. Tofauti haikuwa kamusi. Chaplinsky alimwelekezea mtu aliye mbele yake, Cohen hakumwelekezea yeyote.

Hata hivyo sikubaliani na kila kitu katika ile ya 1942. Kama kigezo ni kuvunjika kwa amani, askari anayelipwa kuilinda amani hiyo ndiye mtu wa mwisho ambaye tungetarajia angurume na kukunja ngumi. Mwaka 2011 mahakama moja ya Uingereza ilifuta hukumu ya mtu aliyetoa matusi wakati polisi wakimpekua, kwa msingi kwamba polisi huyasikia maneno hayo mara kwa mara. Uingereza ilikuwa na somo lake tayari. Sheria yao ya utulivu wa umma ya 1986 iliharamisha maneno ya kutukana yanayoweza kumsumbua aliye karibu. Mwaka 2005 mwanafunzi wa Oxford alimwambia askari wa farasi kwamba farasi wake ni shoga. Akakamatwa, akalala mahabusu. Mashtaka yakaja kufutwa, lakini kisa kikabaki mfano wa sheria iliyotanuka hadi ikamfikia mnyama. Tangu Februari 2014 neno lile la "kutukana" limeondolewa kwenye kifungu hicho. Vitisho na maneno ya kumdhalilisha mtu bado ni kosa.

Kwetu je? Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 89, inasema anayetumia lugha chafu au ya matusi kwa mtu mwingine, kwa namna inayoweza kusababisha uvunjifu wa amani, anaweza kufungwa miezi 6. Ukisoma polepole utaona mna mafundo mawili: lazima awepo mtu anayetukanwa, na lazima iwepo hatari ya fujo. Kwa kifungu hicho, koti la Cohen likivaliwa Kariakoo lingempa mwendesha mashtaka kazi ngumu. Tatizo ni kwamba mtaani watu husoma nusu ya kwanza tu, "lugha ya matusi", na sehemu iliyobaki huachwa.

Kenya imejaribiwa zaidi mahakamani. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilikitangaza batili kifungu cha 132 cha Kanuni ya Adhabu, kilichokuwa kikiadhibu kushusha hadhi ya ofisa wa umma, katika kesi ya mwanablogu Robert Alai aliyeshtakiwa kwa alichoandika mtandaoni kuhusu rais. Katiba yao ya 2010, ibara ya 33, inataja usemi usiolindwa: kuchochea vita, kuchochea fujo, kueneza chuki. Matusi matupu hayamo kwenye orodha hiyo. Chuki ya kikabila, kwa upande mwingine, ina sheria yake ya 2008 yenye faini ya hadi shilingi milioni 1 au kifungo cha hadi miaka 3. Baada ya ghasia za uchaguzi zilizoitikisa nchi hadi mwanzoni mwa mwaka ule, hakuna haja ya kueleza kwa nini.

Na kama unadhani orodha ya maneno mabaya ingetosha, angalia kanga. "Hasidi hana sababu." "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake." Hakuna neno chafu hata moja. Lakini mwanamke akiivaa asubuhi baada ya ugomvi na jirani, akapita mlangoni mwake mara tatu, uwanja mzima unajua nani kapigwa. Polisi mwenye daftari la matusi hataona kitu. Pwani watu wamejeruhiana kwa mafumbo tangu zamani, na lugha yao ilikuwa safi kabisa. Jeraha linatoka kwa nani anaambiwa, wapi, na kwa nia gani.

Kuna mahali mimi mwenyewe nakubali mipaka. Mtoto darasani hawezi kugeuza macho, amewekwa pale kwa lazima. Marekani wenyewe walikubali mwaka 1986 kwamba shule inaweza kumwadhibu mwanafunzi kwa hotuba yenye lugha ya ngono mbele ya wenzake, na mwaka 1978 kwamba redio inaweza kubanwa kwa lugha chafu inayorushwa mchana. Lakini adhabu hizo ni za shule na za leseni, si za jela.

Hiyo ndiyo njia ninayoiona hata kwa tusi lililochorwa kwenye kioo cha nyuma cha daladala au matatu. Gari lile linafanya biashara kwa kibali na linabeba watoto wa shule, hivyo mwenye kutoa kibali ana haki ya kudai maandishi yafutwe kabla gari halijarudi barabarani, na mwenye gari akikaidi alipe. Dereva aliyeandika halazimiki kulala ndani. Lakini akishuka, akamsogelea abiria aliyelalamika na kumtukania mama yake usoni huku amekunja ngumi, kifungu cha 89 kinamsubiri, na hapo sina la kumtetea.