Bega halina kosa: yasemwayo na yaliyo kweli kuhusu jipu la ukwato

Punda huweza kulala mzima akaamka na miguu mitatu. Jioni umemvua shogi hana kasoro; alfajiri unamkuta kasimama ukutani, mguu mmoja wa mbele kaunyoosha, ncha tu ndiyo inayogusa chini, na ukimvuta hatua moja anaruka kama aliyevunjika. Lamu, mji ambao vichochoro vyake havipitishi gari, punda ndiye anayebeba mchanga, saruji, mawe na boriti. Asubuhi kama hiyo hukusanya watu, na kila apitaye ana lake la kusema. Mimi nimekulia mtaa wa Langoni, hapohapo Lamu, katika nyumba iliyoishi kwa punda. Maneno hayo nimeyasikia yote, na baadhi niliyaamini hadi yakanigharimu miezi miwili ya kazi ya punda wetu, Msafiri.

Mara nyingi kilichomo ni jipu. Vimelea huingia kwenye ufa, kwenye tundu la msumari, au kwenye ule mstari mweupe unaozunguka wayo, pale wayo unapokutana na ukuta wa ukwato. Ndani wanazaliana, usaha unajikusanya. Jipu la mwilini mwetu huvimba, ngozi ikalipisha. Ukwato haupishi, ni sanduku gumu lenye nyama hai ndani, na usaha kiasi cha kijiko kimoja humo unatosha kumlaza mnyama chini. Kwetu huonekana zaidi masika yanapoisha, kwato zilizolowa na kulainika zinapokutana tena na jua na mawe makavu.

"Ametegua bega"

Hili ndilo la kwanza kusemwa, na wasemao wana kisingizio: ukimtazama punda akichechemea, bega ndilo linaloyumba. Linayumba kwa sababu mguu unakwepa kukanyaga. Kwa punda na farasi, kuchechemea kwa mguu wa mbele mara nyingi sana kunaanzia ukwatoni, kwa hiyo mwenye kujua huanza kutazama chini ndipo apande. Nimeona punda waliosuguliwa bega kwa mafuta wiki nzima. Nimeona na waliochomwa chuma cha moto begani. Kovu wanalo hadi leo, na usaha ulikuwa chini siku zote hizo.

Mtembeze polepole kwenye sakafu ngumu. Mguu mbovu wa mbele ukikanyaga, kichwa kinapanda; mzima ukikanyaga, kinashuka. Kisha weka kiganja juu ya ukwato na ulinganishe na mwenzake, maana wenye jipu mara nyingi una moto. Halafu papasa nyuma ya mguu, kati ya ukwato na kifundo, utafute mpigo wa damu. Kwa mguu mzima utahangaika kuupata. Kwa wenye jipu unapiga kwa nguvu chini ya kidole. Daktari wa mifugo ana koleo la kubana wayo kidogo kidogo, sehemu baada ya sehemu, mpaka punda mwenyewe amwonyeshe ni wapi. Shukrani yake ni teke, na siku hiyo ana haki nalo.

"Mpige sindano, litakauka"

Hapa ndipo nilipopotezea mwezi wa kwanza. Duka la dawa za mifugo halikosi penisilini wala oksitetrasaiklini, na sindano ina heshima yake: mtu akimwona punda kachomwa anajua katibiwa. Lakini dawa husafiri kwa damu, na katikati ya jipu hakuna mshipa wa damu, ni usaha mtupu. Dawa inafika ukingoni, inaishia hapo. Baada ya sindano tatu Msafiri alipata nafuu, nikamrudishia shogi, na siku ya tano akasimama katikati ya njia akakataa kusogea. Nikanunua chupa nyingine.

Usaha unahitaji mlango. Hiyo ndiyo tiba, na mengine yote ni ya kuusaidia mlango huo. Antibayotiki ina mahali pake pale mguu unapovimba juu ya ukwato, homa inapopanda, au maambukizi yanapofika kwenye mfupa au kiungo, na hapo daktari ndiye mwenye kuamua.

Dawa ya maumivu nayo ina uvumi wake, kwamba huzuia jipu lisiive. Kwangu hiyo si sababu ya kumwacha mnyama akitetemeka kwa maumivu. La kuangalia ni kipimo: fenilbutazoni, ambayo farasi hupewa sana, huisha mwilini mwa punda upesi zaidi kuliko mwilini mwa farasi. Anayenakili maelekezo ya farasi neno kwa neno humpa punda nafuu ya nusu siku.

"Muache, likiiva litapasuka lenyewe"

Hili lina ukweli ndani yake, ndiyo maana lina madhara. Usaha uliokosa njia ya chini hupanda. Unafuata ndani ya ukuta wa ukwato mpaka juu pale nywele zinapoanzia, au nyuma kwenye kisigino, ukapasukia huko. Ila safari hiyo inaweza kuchukua siku nyingi, hata wiki, na njia nzima unatenganisha ukuta na nyama. Wapo wanaomtembeza na mzigo juu ili "lisukumwe". Punda afe, mzigo wa bwana ufike, sivyo?

La Msafiri lilipasukia juu, ubavuni mwa ukwato, mwezi wa pili. Yalitoka maji meusi kama ya mkaa, yananuka, na saa chache baadaye akawa anatembea. Majirani wakanipongeza. Nikapongezeka.

"Chimba mpaka uone damu"

Damu ni ishara kwamba umekosea njia. Anayejua kazi husafisha wayo, hutafuta alama nyeusi kwenye mstari mweupe, na huifuata kwa kisu cha kwato kilichopinda ncha, taratibu, hadi usaha uchuruzike. Hapo anaacha. Tundu la kupitisha penseli linatosha. Ukifungua shimo kubwa, nyama ya ndani husukumwa nje kupitia hapo, na jeraha la siku kumi linakuwa la miezi. Nimewahi kuona wayo uliofunguliwa kwa panga, na sitaki kuueleza.

Usaha usipopatikana leo, usiendelee kuchimba kwa hasira. Loweka ukwato kwenye maji ya moto yanayovumilika yenye chumvi ya Epsom, kisha ufunge kwa pumba iliyolowekwa maji hayohayo. Nepi ya mtoto hukaa vizuri sana kwenye ukwato wa punda. Juu yake viringisha kipande cha tyubu kuukuu ya gurudumu, ufunge kwa utepe mpana, usiukaze pale nywele zinapoanzia. Badilisha kila siku. Wayo ukilainika, njia ambayo jana haikuonekana huonekana.

Usaha ukishatoka, endelea hivyo siku mbili tatu mpaka kitambaa kiwe kinatoka kisafi, kisha badili kwa bandeji kavu. Watu huloweka nusu mwezi kwa kudhani wanazidisha tiba. Wayo uliolowa muda mrefu huwa kama kiatu kilichokaa baharini, na kila changarawe inaingia. Tundu likae kavu, limefunikwa, mpaka liwe gumu. Mzigo ungoje.

"Oili chafu na mrututu vinaua kila kitu"

Oili ya injini huziba tundu, na vimelea wengi wa jipu la ukwato hustawi pasipo hewa, kwa hiyo umewafungia mlango wakiwa ndani. Mrututu huunguza nyama hai pamoja na vimelea. Kwenye pembe iliyokufa, yaani ile sehemu ngumu ya ukwato isiyo na uhai, una kazi. Kwenye tundu linalofika nyamani ni ukatili tu.

"Msumari ung'oe upesi, kutu ndiyo yenye pepopunda"

Kutu haina pepopunda. Kimelea chake kiko kwenye udongo na kwenye samadi, na hupenda jeraha jembamba la kina lisiloingia hewa, liwe la msumari mpya, mwiba au kipande cha chupa. Farasi na punda ni miongoni mwa wanyama wanaoathirika upesi sana na sumu yake. Jina lenyewe la ugonjwa limembeba punda. Chanjo ipo. Punda mwenye jeraha la wayo asiyejulikana kama amechanjwa, daktari aambiwe siku hiyohiyo.

Kuhusu kung'oa: ukichomoa msumari na kuutupa, tundu hujifunga na hakuna ajuaye tena ulielekea wapi. Kama daktari yuko karibu na msumari hauzidi kuzama, uache, umzuie punda kuukanyagia. Kama lazima utoke, piga picha kwa simu kwanza, weka alama mahali, na uutunze uonekane urefu wake. Msumari ulioingia katikati ya wayo, kwenye ile kabari laini yenye umbo la V au pembeni mwake, ni hatari ya haraka hata kama punda hachechemei sana, kwa kuwa nyuma yake kuna kano kuu ya kukunja mguu, na kiungo. Uchafu ukifika huko, kila saa ina uzito, na pumba ya moto haina msaada.

"Limerudi tena, hilo jicho la watu"

Wiki tatu baada ya pongezi, Msafiri alisimama tena ukutani, mguu uleule. Nikaletewa kombe, yale maji yaliyooshewa maandishi ya aya, nikalipokea. Mwenye punda mgonjwa hakatai kitu. Lakini jipu linalorudi huwa na sababu iliyobaki ndani, na mahali linaporudia husema mengi.

Likirudi palepale kila mara, shuku kwanza kitu kilichobaki: ncha ya msumari, jiwe, mwiba. Au njia ya usaha haikufunguliwa mpaka mwisho wake. Au kipande cha mfupa wa ndani ya ukwato kimekufa na mwili unajaribu kukitoa. Kuna na uvimbe wa pembe unaoota ndani ya ukuta wa ukwato; si saratani ya kusambaa, lakini unaukandamiza mfupa na kuupinda mstari mweupe kuelekea ndani, na dawa yake ni upasuaji wa kuutoa.

Likihamahama, leo mguu huu, mwezi ujao ule, tazama mnyama mzima. Kuvimba kwa tabaka linaloshikilia mfupa kwenye ukuta wa ukwato huacha mstari mweupe ukiwa mpana na dhaifu, na majipu huingia kama maji kwenye dau bovu. Huwapata punda wanene, hasa wanaolishwa nafaka, mikate na unga wa mabaki. Kwa mnyama mzee mwenye manyoya marefu yasiyopukutika, tezi ya chini ya ubongo inaweza kuwa ndiyo chanzo, na kipimo cha damu huonyesha.

Picha ya eksirei hutenganisha mengi ya haya, pamoja na mfupa uliovunjika, ambao siku ya kwanza hufanana kabisa na jipu. Usaha ukitoka, nafuu inatarajiwa ndani ya siku moja au mbili. Isipokuja, au siku mbili tatu za kukanda zikipita bila usaha kuonekana, acha kubahatisha uitafute picha hiyo, hata kwa kuvuka bahari.

Sisi hatukufika huko. Tulipata kilichokuwa kikifanya jipu lirudi kwa njia nyepesi, baada ya kumpeleka Msafiri kliniki ya punda pale mjini, ile iliyofunguliwa mwaka 1987 na shirika la Uingereza la The Donkey Sanctuary. Kwa nini sikwenda siku ya kwanza? Kwa sababu sindano ilikuwa hatua thelathini kutoka mlangoni, na nilijiona najua. Daktari alifuata alama nyeusi kutoka chini, usaha ukatoka, naye hakuacha kutazama. Kwa kibano akavuta kipande cha waya wa kufungia nondo, kirefu kama ukucha wa kidole gumba.

"Punda ni farasi mdogo, tena mvumilivu"

Ukwato wa punda umesimama zaidi, ni mwembamba, na pembe yake hushika maji zaidi ya ya farasi. Uliumbika kwa nchi kavu, na asili ya punda wote wa kufugwa ni punda mwitu wa Afrika. Ndiyo maana sakafu yenye mkojo na matope humwumiza upesi, na kwato zake zinahitaji kuchongwa kila wiki sita hadi kumi.

Uvumilivu wake ndio mtego. Farasi mwenye jipu hupiga kelele kwa mwili mzima, ilhali punda hunyong'onyea tu, anainamisha masikio, anaachwa nyuma na wenzake. Akiacha kula, mafuta ya mwilini humwagika kwenye damu kupita kiasi, ini linashindwa, na punda aliyeumwa ukwato anakufa kwa kingine kabisa. Siku za jipu, kwa hiyo, natazama susu la majani kabla ya kutazama mguu, na mwenzake namfunga karibu, kwa kuwa punda aliyetengwa na rafiki yake naye huacha kula.

Ule ufa wa juu, pale jipu lilipopasukia, haukuziba, hauzibi. Ukwato huota kama ukucha, milimita nane hadi kumi kwa mwezi, na ufa hushuka nao. Kila Ijumaa nilikuwa naupima kwa kidole. Ulianza chini ya nywele, ukafika katikati masika mengine yakiwa bado hayajaingia, na mwezi wa nane tangu lipasuke mchonga kwato aliukata kwa jino moja la koleo, ukaanguka kwenye mchanga, na kuku akaja kuudonoa.