Kuta, Milango na Mabwawa: Dhana Potofu Kuhusu Maji Yanayozuiwa

Dhana: Maadamu milango ya kizuizi cha bahari huachwa wazi, hali ya bahari haibadiliki.

Dhana hii ndiyo inayokubalika kwa urahisi zaidi, kwa hiyo inastahili jibu refu. Kizuizi cha ghuba ya Oosterschelde nchini Uholanzi kilikusudiwa kuwa ukuta usiopitisha maji, lakini wavuvi na watetezi wa mazingira walipopinga, kikajengwa chenye milango inayofungwa wakati wa dhoruba tu, na kikakamilika mwaka 1986. Maji yalibaki ya chumvi na chaza wakasalimika. Hata hivyo, nguzo za kizuizi zilipunguza nafasi ya maji kupita, mikondo ikadhoofika. Zamani, mchanga uliokwanguliwa na mawimbi kutoka kwenye mafungu, yaani matuta ya mchanga yanayojitokeza maji yanapokupwa, na kutupwa kwenye mifereji yenye kina ulirudishwa juu na nguvu ya maji yanayojaa na kupwa. Leo mawimbi yangali yanakwangua, ila maji hayana tena nguvu ya kuurudisha. Mafungu yanazidi kupungua, na ndege wanaojilisha hapo wakati wa maji kupwa wanapungukiwa na malisho. Ndiyo maana fungu la Roggenplaat limelazimika kuongezewa mchanga kwa mitambo.

Dhana: Ndege wakikosa tope la kujilishia, watahamia kwingine.

Huhama, naam. Baada ya ghuba ya Cardiff, Wales, kufungwa mwaka 1999, ndege wa pwani wenye miguu myekundu walihamia maeneo jirani, lakini watafiti waliowafuatilia walikuta wamekonda, na vifo vyao viliongezeka.

Dhana: Umeme wa maji kujaa na kupwa hauna madhara, kwa kuwa hautoi moshi.

Mtambo wa La Rance nchini Ufaransa, uliozinduliwa mwaka 1966 ukiwa na uwezo wa megawati 240, ulijengwa kwa kuutenga mlango wa mto na bahari kwa takriban miaka 3. Viumbe wengi wa baharini walitoweka, na ilichukua takriban miaka 10 uhai kutengemaa upya. Lakini haifai kuihukumu mitambo yote kwa kosa hilo. Huko Sihwa, Korea Kusini, ukuta uliokamilika mwaka 1994 ndio uliochafua maji, na mtambo wa mwaka 2011 ukayapunguzia uchafu kwa kurudisha maji ya bahari ndani.

Dhana: Madhara ya bwawa huishia karibu na bwawa lenyewe.

Bwawa Kuu la Aswan kwenye mto Nile nchini Misri, lililokamilika mwaka 1970, liko mamia ya kilomita kutoka Bahari ya Mediterania, lakini pwani ya Rosetta, mto huo unapoingia baharini, imeliwa na mawimbi kwa kukosa mashapo (mchanga na tope la mto) yanayonaswa nyuma ya bwawa hilo.

Dhana: Mto uliozuiwa kwa muda mrefu hauwezi kurudi.

Mabwawa mawili ya mto Elwha, Marekani, yalibomolewa kati ya mwaka 2011 na 2014. Samoni wamerudi kwenye maji ya juu, na mashapo yaliyoachiliwa yamepanua ufuo kwenye mlango wa mto, ingawa katika miaka ya mwanzo tope hilohilo lilizuia mwanga na kufifisha misitu ya mwani iliyokuwa karibu.