Je, wajua kwa nini jani la tumbaku huziua seli zake lenyewe?

Mkulima wa Urambo akigeuza jani la tumbaku na kukuta vidoa vikavu vya kahawia, moyo humwenda mbio: ugonjwa umeingia. Mara nyingi hakosei. Ila kuna doa ambalo halikuletwa na ugonjwa. Mmea wenyewe ndio uliolichoma.

Chukua virusi vya batobato ya tumbaku. Huenea kwa kugusana tu, ndiyo maana anayehudumia miche kitaluni huhimizwa kunawa mikono, hasa akiwa mvutaji. Mwaka 1929 Francis Holmes alivipaka kwenye majani ya Nicotiana glutinosa, ndugu wa mwituni wa tumbaku. Badala ya mabaka ya kijani na njano, yakatokea madoa madogo yaliyokufa, na virusi vikanasa humo humo. Kinga hiyo hutokana na jeni iitwayo N, ambayo baadaye ilihamishiwa kwenye tumbaku ya shambani.

Silaha ya mmea ni oksijeni. Seli inapopumua na kufanya usanisinuru, huvujisha aina kali za oksijeni, na kila siku huzizima kwa vitamini C na vimeng'enya kama katalasi. Ikimtambua adui, mambo hugeuka. Kalsiamu humiminika ndani, na vimeng'enya vya kwenye utando huanza kuzalisha kwa makusudi oksijeni kali inayogeuka kuwa haidrojeni peroksaidi, ile ile ya duka la dawa inayotoa povu kidondani. Mwaka 1994 majaribio ya seli za soya yalionyesha kwamba peroksaidi hiyo ikiwa nyingi huchochea seli kufa, na ikisambaa kidogo kwa jirani huwaamsha wajilinde.

Kinachonishangaza zaidi ni namna ya kufa. Seli ya mmea haina vimeng'enya vile vile ambavyo seli ya mnyama hujimalizia. Ina vakuoli, mfuko mkubwa wa maji uliojaa vimeng'enya vya kumeng'enya. Mwaka 2004 watafiti wa Japani walionyesha, kwenye tumbaku yenye virusi hivi hivi, kwamba mfuko huo hupasuka na kuimwagikia seli yake. Mmea hauna damu ya kubeba askari. Kila seli hujilinda papo ilipo, hata kwa kufa.

Lakini joto likipita nyuzi 28 hivi, jeni N huzubaa, na mchana wa Oktoba Tabora huvuka kiwango hicho kwa urahisi. Joto la namna hiyo likidumu, jani halitoi madoa yaliyokufa, huku virusi vikitembea hadi kwenye shina. Hali ya hewa ikipoa, seli zote zilizoambukizwa hushtuka na kufa kwa pamoja, na mmea mzima waweza kuoza uliposimama.