Kabla ya kulipia ukumbi wa ugenini, ongea na mlinzi wake

"Yaya, unajua ukumbi mzuri kule Lusaka?"

Kila kiangazi napokea ujumbe kama huu kutoka kwa vijana waigizaji wa Katuba au wa Kenya (Kenya ni komini, yaani kata, yetu hapa Lubumbashi, Kongo, si nchi; na "yaya" kwetu ni mkubwa wako, si mlezi wa watoto). Simtajii mtu jina la ukumbi. Namwuliza: watakaokuja kuwatazama watarudi nyumbani na gari gani? Wengi hudhani nimekosea kuandika.

Kazi yangu ni kutangulia. Kundi letu la maigizo likiwa bado kwenye mazoezi, mimi niko kwenye mji ambako hakuna anayetujua, napima jukwaa kwa hatua, nachungulia nyuma ya mapazia, nafungua sanduku la umeme. Ukumbi wa kwanza niliokodi Lusaka ulikuwa na viti vyekundu, kapeti, na maegesho mapana. Ulikuwa pia mbali na kituo cha minibasi. Ilipokaribia saa tatu usiku watu wakaanza kuinuka mmoja mmoja, wakiinama ili wasiwazibe wenzao, kwa sababu gari za mwisho hazimsubiri mtu. Tukio la mwisho, lile la kuchekesha kuliko yote, tulilicheza mbele ya watu kumi na wanne. Viti vyekundu havikucheka.

Tangu hapo naanza na watu, ndipo nitafute jengo. Sisi tunaigiza kwa Kiswahili cha Lubumbashi, chenye Kifaransa kidogo na Kibemba kingi. Lusaka lugha ya mtaani ni Kinyanja. Anayetuelewa huko mara nyingi ni Mkongomani mwenzetu au Mtanzania, na inabidi ujue wanakaa mtaa gani. Ukibaki Copperbelt, mkoa wa migodi ya shaba wa Zambia ulio jirani nasi, mambo ni mengine. Kitwe na Ndola watu wanaongea Kibemba, na Kiswahili chetu kimekunywa Kibemba tangu enzi za babu zetu kwenye migodi. Mzaha unaokufa Lusaka, Kitwe unafika, hata kama umechechemea njiani. Kwa hiyo kundi linalotoka nje mara ya kwanza nalipeleka huko. Kasumbalesa, mpakani, iko takriban kilomita 90 kutoka hapa, halafu Chililabombwe, Chingola, umefika Kitwe. Kinshasa iko nchini mwetu, lakini bila ndege huifikii kwa urahisi.

Tena miji ile ya migodi iliachiwa majumba ya tamthilia: Kitwe kuna Little Theatre, Ndola kuna Lowenthal. Ni majumba ya wastani, yenye jukwaa la kweli. Sisi jumba letu la tamthilia lilijengwa miaka ya 1950, na leo ndimo wanamokaa wabunge wa jimbo. Sisemi kwamba maigizo yamekwisha humo.

Kuhusu idadi ya viti, vijana hupenda kikubwa. Watu 120 kwenye viti 600 wanaona aibu kucheka, kila mmoja anasikia kicheko chake peke yake. Watu haohao 120 kwenye ukumbi wa viti 150 wanabanana mabega, na kicheko kinapita kwenye mabega. Chukua mdogo. Ukijaa, rudia kesho yake.

Sasa umeme, maana hapa ndipo pesa zinapoungua. Meneja atakuandikia kwamba ukumbi "una umeme na taa". Maneno hayo hayana maana yoyote. Taa ya jukwaa ya zamani inakula wati 1000. Ukiwasha kumi na mbili, ni kilowati 12, yaani karibu ampea 52 kwenye volti 230. Soketi ya ukutani ya Zambia, ile ya pini tatu bapa, plagi yake ina fyuzi ya ampea 13. Piga hesabu: haifiki kilowati 3. Taa mbili zinakaa salama, ya tatu ni kamari, na bado hujachomeka spika. Kwa hiyo uliza kuna laini gani nyuma ya jukwaa, ni fazi moja au tatu (yaani nyaya ngapi za moto), na breka yake, swichi inayokata umeme ukizidi, imeandikwa ampea ngapi. Omba picha ya sanduku lenyewe, mlango ukiwa wazi. Meneja akijibu kwamba "iko sawa, msijali", basi wewe jali. Taa za LED zimetuokoa sana. Nyingi hazifiki wati 200, na kumi na mbili unaweza kuziendesha kwa laini ya kawaida. Siku hizi tunabeba zetu. Beba na adapta pia, kwa sababu plagi zetu za pini mbili za mviringo haziingii kule, na duka la kuziuza utalipata likiwa limefungwa.

Halafu umeme wenyewe unakatika. Sisi watu wa Lubumbashi tunajiona mabingwa wa giza, lakini mwaka 2024 ukame ulishusha maji ya Kariba na Zambia ikaonja giza la saa nyingi kwa siku. Mkataba useme nani anawasha jenereta, na nani analipa mafuta.

Sauti naipima kwa makofi. Simama katikati ya jukwaa, piga kofi moja, nyamaza. Sauti inasafiri mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo ukuta mtupu ulio mita 17 mbele yako unakurudishia kofi lako baada ya sehemu ya kumi ya sekunde, na sikio linalisikia kama kofi la pili. Muziki wa kwaya unapenda ukumbi unaovuma hivyo, ndiyo maana kwaya inapendeza kanisani. Maneno hayapendi. Mwigizaji akisema kwa kasi ya sokoni, silabi zinapandana, na mtazamaji wa kiti cha nyuma anabaki kuangalia midomo. Kwa maigizo natafuta ukumbi ambao mvumo wake unakufa ndani ya sekunde moja hivi. Ukivuma kidogo zaidi, omba mapazia mazito ukutani. Na usikate tamaa haraka: ukumbi mtupu unavuma kuliko uliojaa, kwa sababu miili na nguo zinameza sauti. Ila ukivuma kama kanisa kuu, toka. Parokia ikikupa ukumbi wake wa mikutano wenye dari la chini, chukua huo na uwaachie wenyewe kanisa lao.

Karindula, banjo letu kubwa, inataka aya yake. Mwili wake ni pipa la mafuta lililowambwa ngozi ya mbuzi, na shingo yake ni ndefu. Pima mlango wa nyuma, pima ngazi. Andika orodha ya vyombo vyote, spika na namba zake, igongwe muhuri forodhani ukitoka, la sivyo ukirudi utaonekana umenunua vitu nje. Afisa mmoja aliwahi kutuuliza ile ni ngozi ya mnyama gani, mpigaji akajibu kwa kuipiga. Tulipita.

Saa nayo iandikwe kwa tarakimu. Mwenyeji wa Nairobi aliniandikia kwamba jukwaa tutakabidhiwa "saa moja". Mimi niliyesoma kwa Kifaransa nikaelewa saa 13:00. Yeye alimaanisha 19:00, nusu saa kabla ya milango kufunguliwa. Tulikaa kwenye masanduku yetu mchana kutwa, tukaweka taa huku watu wameshaketi. Tena Nairobi iko saa moja mbele yetu. Zambia tuko sawa. Dai muda wa saa nne nzima wa kutengeneza jukwaa, na ujue ukipitisha muda unalipa kiasi gani.

Pesa: lipa nusu, iliyobaki usiku wa onyesho. Zaidi ya hapo sina mjadala.

Na mlinzi. Meneja anauza ukumbi, mlinzi anaishi nao. Omba namba yake, mpigie, msalimie vizuri, uliza hali ya watoto, kisha mwombe atembee na simu akirekodi video kuanzia barabarani hadi jukwaani, bila kuruka choo. Mji mmoja wa Copperbelt meneja alituhakikishia kwa maandishi kwamba jenereta ipo. Nikampigia mzee wa mlangoni, kwa Kibemba changu cha kuokoteza.

"Jenereta ipo, baba," akasema. "Betri yake ndiyo iko kwenye gari la bosi."

Tulivuka Kasumbalesa na betri yetu, namba tisa kwenye orodha.