Jina Suhail: Yanayosemwa na Ukweli Wake

Suhail si jina la kuita mtaani wakageuka watoto watatu. Kwenye madrasa za Arusha na Moshi wapo akina Ramadhani, Abdallah na Hussein wa kutosha. Suhail utampata mmoja, au usimpate kabisa. Kwa kuwa halizoeleki, kila mtu hulifasiri kwa analolijua: jirani atasema maana yake ni pwani, shangazi atasema ni la Kihindi, simu itasema "mpole" na kuishia hapo. Sehemu kubwa ya mkanganyiko huu inatokana na jambo moja dogo. Kiswahili huandika h moja, ilhali Kiarabu kina h mbili tofauti.

"Suhail na Swahili ni neno moja." Hapana, ingawa masikioni yanafanana sana. Swahili linatokana na sawahil, wingi wa sahil, yaani pwani. H yake ni ح, ile ya Muhammad na Hassan, inayobanwa kooni. Mzizi wake una maana ya kukwangua, na wanakamusi wa Kiarabu walieleza kuwa pwani iliitwa hivyo kwa sababu maji huikwangua nchi kavu. H ya Suhail ni ه, nyepesi, ile ya Ibrahim na Hashim. Huandikwa سهيل: sini, he, ye, lamu. Mzizi huu wa pili unahusu wepesi na ardhi tambarare isiyochosha kuitembea, na matawi yake tunayo ndani ya Kiswahili: sahali, sahilisha, na ile sahlan ya "ahlan wa sahlan". Kwa hiyo anayeweka ح kwenye kadi ya akika au kwenye daftari la madrasa ameshaandika neno jingine.

Majirani zake nao huchanganywa. Sahil ni jina kamili, na hilo ndilo lenye maana ya pwani. Suhaib halianzi na sini bali na sadi, nalo linahusu nywele zenye wekundu. Sahl ni ndugu wa damu wa Suhail.

"Umbo lake ni la kudogosha, basi linamshusha mtoto." Nusu ya kwanza ni kweli. Suhail limeundwa kwa mtindo ule ule unaomtoa Husain kwa Hasan na Umair kwa Umar. Lakini udogo wa Kiarabu mara nyingi ni wa mapenzi, usiupime kwa "ki" ya kijitu. Anayemwita mwanawe Hussein hajamdharau, na wa Suhail vivyo hivyo.

"Limo ndani ya Qur'ani." Halimo. Suhail ni jina la nyota pia, lakini nyota iliyotajwa humo kwa jina ni Shi'ra (Sirius), katika Surat An-Najm aya ya 49, nayo ni nyota nyingine kabisa, japo huonekana angani wakati mmoja na Suhail. Heshima ya jina hili katika Uislamu inatoka kwa watu waliolibeba. Suhail bin Baydha alikuwa miongoni mwa waliopigana Badr, na Bibi Aisha alisimulia kuwa Mtume alimsalia jeneza msikitini. Simulizi hiyo hutajwa mpaka leo mafakihi wanapojadili iwapo maiti asaliwe ndani ya msikiti.

Wa pili ni Suhail bin Amr, na huyu ana kisa kirefu zaidi. Mwaka 628 Makuraishi walimtuma Hudaybiya, karibu na Makka, kupatana na Waislamu, akiwa bado hajasilimu. Mtume alipomwona anakuja aliwaambia masahaba kuwa jambo lao limesahilishwa, akicheza na mzizi wa jina lake. Kumbe mjumbe mwenyewe hakuwa mwepesi hata kidogo. Alikataa mkataba uanze kwa "Bismillahi Rahmani Rahim", akakataa pia maneno "Mtume wa Mwenyezi Mungu", mpaka yakaandikwa mengine. Alisilimu mwaka 630 Makka ilipofunguliwa, na jina lake likabaki vile vile.

Hapo ndipo penye jibu kwa wanaodai kuwa kumwita mtoto jina la nyota ni ushirikina. Mtume alibadilisha majina yenye maana mbaya. Yupo aliyeitwa Hazn, yaani ardhi ya mawe isiyopitika kwa raha. Alitakiwa ajiite Sahl, akang'ang'ania jina alilopewa na baba yake, na mjukuu wake Said bin Musayyib alisema kuwa ugumu haukuuhama ukoo wao. Jina lililopendekezwa kuwa tiba ni la mzizi ule ule wa Suhail. Kuabudu nyota ndiko kulikokatazwa.

"Ni jina la Wahindi." Ni Waarabu waliolitumia tangu kabla ya Uislamu. Wapakistani na Waajemi wanalipenda na hulitamka Sohail au Soheil, na hapo ndipo wengi wetu tulipolisikia.

"Suheli, Suhail, Suheil, yote ni sawa." Msikitini ni sawa. Kwa karani si sawa. Kizazi husajiliwa ndani ya siku 90, na herufi zinazoandikwa kwenye tangazo la kizazi ndizo zinazohamia kwenye cheti cha kuzaliwa cha RITA, kisha shule, kisha mtihani wa taifa, kisha kitambulisho cha NIDA na pasipoti. Kinachoharibika ni hiki: muuguzi huandika alivyosikia, "Suheli", miaka saba baadaye mwalimu huandika "Suhail" kwa kuwa mzazi ndivyo anavyoandika, na kijana anapoomba mkopo wa chuo nyaraka zake zina watu wawili. Kurekebisha kunadai kiapo kwa wakili na safari kadhaa. Kinga yake ni karatasi. Chagueni tahajia moja kabla ya kwenda kujifungua, iandikwe kwa herufi kubwa na kuwekwa ndani ya kadi ya kliniki, na tangazo lisomwe herufi kwa herufi kabla ya kuondoka wodini. Ipi bora? Suhail inafuata Kiarabu na ndiyo inayozoeleka nje ya nchi. Suheil inakaribia zaidi tunavyotamka. Suheli ni nzuri, ila itageuzwa na kila anayejiona anajua Kiarabu.

"Suhail ni nyota ya kaskazini, ndiyo iliyoongoza mabaharia." Kuongoza, iliongoza, lakini kwa upande wa pili. Suhail ndiyo Canopus, nyota ya pili kwa mng'ao katika anga lote la usiku, na iko kusini kiasi kwamba watu wa Istanbul na London hawaioni kamwe. Kutoka Makka huonekana chini, kama nyuzi 16 tu juu ya upeo hata inapofika kileleni. Nyota ya kaskazini, ambayo mabaharia wa Kiarabu waliiita Jah, sisi wa Moshi ndiyo tusiyoiona, kwa kuwa tupo nyuzi tatu na kidogo kusini mwa ikweta.

Ukitaka kumwonyesha mtoto nyota yake, subiri katikati ya Februari au baadaye kidogo, masika hayajaleta mawingu, saa tatu usiku. Moshi, upe mgongo Kibo. Arusha, upe mgongo Meru. Hapo unatazama takriban kusini. Nyosha mkono, kunja ngumi, na pima kutoka upeoni: kila ngumi ni takriban nyuzi 10, na Suhail iko ngumi ya nne. Kosa la kawaida ni kunyoosha kidole kwa ile inayong'aa kuliko zote karibu na utosi. Hiyo ni Shi'ra, ngumi tatu na nusu juu yake. Zikilinganishwa, Suhail ndiyo ya chini na ndiyo hafifu kidogo. Iliyo ya Qur'ani na iliyo ya mtoto zimo kwenye mstari mmoja, basi ni rahisi kuzikumbuka.

Katika nchi za Ghuba, kuchomoza kwake alfajiri kwenye tarehe 24 Agosti hupokelewa kama dalili kuwa joto kali linaanza kuondoka. Sisi hatuna joto la kuagana nalo mwezi huo, bali baridi. Na tarehe hiyo saa kumi na moja alfajiri, Suhail ya Moshi imeshapanda ngumi mbili upande wa kusini-mashariki, maana kwetu huanza kuchungulia tangu Julai.

Wazee wa pwani waliipa nyota hii kazi ndani ya lugha: kaskazini waliiita kibula, kusini wakaiita suheli, na maneno yote mawili yamo kwenye kamusi mpaka leo. Kwa Moshi jozi hiyo inakaa sawasawa na ardhi. Kibla cha mji kinaelekea karibu kaskazini kabisa, kikikosea kwa nyuzi chache tu kwenda mashariki, kwa hiyo anayesali isha usiku wa Februari ana Kibo mbele yake na Suhail mgongoni.